Mtoto wa Gangilonga na Sindano

Eveline Kikoti alianguka tarehe nane mwezi wa tatu, saa nne asubuhi, akiwa kazini Makongolosi, mkoani Mbeya. Alikuwa mpima ardhi, na siku hiyo walikuwa wakipima viwanja vipya pembeni ya mji. Wenzake walisimulia kwamba alisema kichwa kinamgonga, akaenda kukaa kwenye kivuli cha gari, na walipomletea maji walimkuta hawezi kushika kikombe. Daktari alisema mshipa wa damu ulipasuka kichwani, na kwamba hata kama angekuwa amelala wodini wakati ule, ingekuwa vilevile. Alikuwa na miaka ishirini na tisa. Hakuwa na mume wala mtoto, na kwa wazazi wake alizaliwa peke yake.

Baba yake, Joachim, alimzika nyumbani Iringa. Alisimama pale anaposimama baba, akashikwa mkono na watu wengi, akajibu kila pole kwa asante. Hakulia. Watu wa jumuiya walimwambia mke wake, Verediana, kwamba mzee amejaliwa moyo mkubwa. Yeye mwenyewe alijua si moyo. Ilikuwa kama ganzi ya daktari wa meno: unagusa shavu, kidole kinajua kimegusa shavu, shavu lenyewe halina habari.

Wiki mbili baadaye alipanda basi kwenda Mbeya kuchukua vitu vya mwanawe. Eveline alikuwa amepanga chumba mtaa wa Soweto, nyumba moja na mwalimu aitwaye Tekla. Tekla alishafunga kila kitu kwenye mabegi mawili na ndoo moja, na chumba alikuwa amekifagia. Akamkabidhi Joachim simu ya Eveline ikiwa imejaa chaji, pamoja na karatasi yenye namba ya kuifungulia. Alisema walikuwa wanaazimana simu bando la mmoja likiisha, ndiyo maana anaijua.

Simu ililia wakiwa bado wamesimama mlangoni. Ilikuwa saa tano kamili asubuhi. Hakuwa mtu anayepiga, ilikuwa kengele tu, na kwenye kioo paliandikwa neno moja: FARASI.

Tekla akaeleza kwamba ni mchezo. Eveline alikuwa na farasi ndani ya simu, na kila siku saa tano alikuwa lazima awalishe. Hata akiwa porini na mashine yake ya kupimia, mtandao ukishika tu anawalisha. Tekla alianza kucheka kidogo alipokuwa anaeleza, kisha akaacha.

Joachim aliufungua mchezo kwenye basi, walipokuwa wanapita Igawa. Unaitwa Malisho. Mtu anakuwa na zizi, anawalisha farasi wake, anawapandisha, watoto wakizaliwa anawapima na kuwashindanisha. Farasi asiyelishwa kwa wiki mbili anadhoofu. Asiyelishwa kwa mwezi mzima mchezo unamchukua, na harudi. Eveline alikuwa na farasi kumi na wanne, na ilikuwa siku ya kumi na sita tangu wapate chakula. Wote waliinamisha vichwa. Mbavu zao zilichorwa zikionekana.

Kwa miaka thelathini na minne Joachim alikuwa afisa mifugo wa serikali, Iringa vijijini. Kazi yake kubwa ilikuwa uhimilishaji, kuwapandikiza ng'ombe wa watu mbegu za madume bora. Michezo ya simu hakuijua, lakini mnyama mwenye njaa alimjua. Akatafuta palipochorwa ndoo, akabonyeza. Farasi wa kwanza akainua kichwa. Akabonyeza tena, hadi wote kumi na wanne wakala, na alipomaliza basi lilikuwa limeshaingia Makambako bila yeye kuona njia.

Baada ya hapo kila siku saa tano simu ililia na Joachim aliwalisha. Vitu vingine alivifanya pia. Alimkatia majani ng'ombe wake mmoja wa maziwa, alikwenda misani, alikula alichowekewa. Lakini angeulizwa jana alikula nini, asingejua. Kulisha farasi ndicho kitu pekee alichofanya akajua amekifanya.

Verediana hakupenda. Alikuwa na namna yake ya kukaa na msiba: alizitoa nguo za Eveline kwenye mabegi, akazifua, akazipiga pasi, akazikunja, na wiki iliyofuata akazirudia upya ingawa hakuna aliyezivaa. Siku moja alipita sebuleni na rundo la nguo mikononi, akamkuta mumewe ameinamia simu.

"Mtoto hajafika hata arobaini," alisema, "na wewe unacheza."

Joachim alibonyeza ndoo iliyobaki. Kwa macho ya mtu yeyote, alikuwa anacheza.

Katika wiki ya kwanza aliuelewa mchezo vizuri kuliko alivyotegemea, kwa sababu ulikuwa kazi yake ya zamani iliyovaa nguo nyingine. Kila farasi alikuwa na alama sita: mbio, pumzi, nguvu, kuruka, afya na utulivu. Zaidi ya hapo alikuwa na nasaba. Ukibonyeza jina lake linafunguka jedwali: baba na mama, kisha babu na bibi wanne, hivyo hivyo hadi kizazi cha tano. Farasi ambaye jedwali lake limejaa lote anapewa nyota tano. Asiyejulikana wazazi wake, kwa mfano aliyekamatwa porini, hana nyota hata moja, na jedwali lake ni visanduku vitupu.

Farasi wa Eveline walikuwa na majina ya kwao Iringa: Lugalo, Mtera, Kitwiru. Aliyewazidi wote alikuwa dume mweusi, Gangilonga, mwenye nyota tano. Joachim alilisoma jedwali la Gangilonga kama alivyokuwa akisoma kadi za madume zilizokuja na mitungi ya mbegu. Lilikuwa refu na zuri. Ila jina la dume mmoja, Kapteni, lilitokea mara sita ndani yake, upande wa baba na upande wa mama. Alitikisa kichwa. Angekuwa ng'ombe, angemwambia mwenye zizi asimame hapo hapo, atafute damu nyingine.

Akiwa kwenye jedwali hilo aligundua jambo lingine. Nasaba inaonyesha waliotangulia tu. Hakuna kisanduku cha anayefuata. Ukitaka kuona uzao lazima utoke, ubonyeze sehemu nyingine kabisa. Alikaa na jambo hilo kwa muda. Halikumuuma. Aliliona tu, kama mtu anavyoona kwamba mvua imekatika.

Ujumbe uliingia Jumatano moja. Ulitoka kwa mchezaji aliyejiita Ng'washi Cherehani.

"Dada umepotea. Sindano atakuwa tayari mwezi ujao. Bado unakubali Gangilonga ampande, au maneno ya Aroni yamekutisha?"

Joachim alijua la kufanya. Aliandika, "Mwenye." Neno lililofuata lilikuwa simu, na lililofuata baada ya hilo alilijua pia. Kidole kilibaki juu ya kioo. Alikaa hivyo mpaka mwanga wa simu ukazimika. Alipouwasha tena alifuta lile neno, akaandika jingine.

"Nipo."

Ng'washi akajibu papo hapo kwamba ameshukuru Mungu, alidhani dada amenuna.

Joachim alipandisha mazungumzo yao juu ili ajue anazungumza na nani. Yalikuwa ya karibu miaka miwili. Ng'washi alikuwa fundi cherehani Ubaruku, kwenye bonde la Usangu, binti wa wafugaji wa Kisukuma. Yeye na Eveline walikutana ndani ya mchezo, hawakuwahi kuonana uso kwa uso. Sindano alikuwa farasi wake jike, aliyemkamata porini, asiye na nyota hata moja. Wawili hao walikuwa wamepanga kumchanganya na Gangilonga. Katika kundi la WhatsApp la wachezaji, mtu mmoja wa Mbeya mwenye duka la vipuri, Aroni, ambaye zizi lake lilikuwa kubwa kuliko yote, alisema hiyo ni kuchafua nasaba. Mtoto atakayezaliwa, alisema, atakuwa na nusu ya jedwali tupu, hataruhusiwa kuingia mashindano makubwa, na vizazi vitano vya kazi ya Eveline vitakuwa vimepotea bure.

Ng'washi alikuwa ameyanakili maneno hayo kwenye mazungumzo yao, na chini yake ameuliza: kweli nasaba ina maana kiasi hicho? Na Eveline alikuwa amejibu, mwezi wa pili, siku kumi na tisa kabla hajafa:

"Baba yangu ni mtu wa mifugo. Yeye husema karatasi za ukoo ni nusu ya ng'ombe, nusu nyingine mpaka ukamue."

Joachim alisoma mara tatu. Ni kweli alikuwa akisema hivyo. Alisema mezani, Eveline akiwa darasa la nne au la tano, anakula huku anasoma kitabu, na haikuonekana kama anasikiliza. Alingoja ahisi kitu. Alichohisi ni baridi ya kioo cha simu kwenye dole gumba.

Siku ile aliandika kwa jina la Eveline, na siku iliyofuata, na zilizofuata. Alijiambia kwamba anamalizia mpango wa mwanawe, kisha atasema. Alimwambia Ng'washi kuhusu Kapteni aliyejirudia mara sita. Alimweleza, akijitaja kama "baba," habari ya kijiji kimoja walikotumia dume mmoja kwa miaka tisa, dume mwenye karatasi safi kabisa, mpaka ndama wakawa wanazaliwa wadogo, miguu imepinda. Akamweleza pia habari ya bibi mmoja wa Ilula, aliyekuwa na mtamba asiyejulikana hata ametoka wapi, na alipozaa akatoa lita kumi na nne kwa siku, wakati mabinti wa dume aliyeletwa kwa ndege walikuwa wanatoa sita.

"Kwa hiyo nasaba ni uongo?" Ng'washi aliuliza.

Joachim alijibu kwamba si uongo. Inakuambia utegemee nini, na inakuzuia kumpandisha binti kwa babu yake. Lakini mnyama mwenyewe humjui mpaka umpime. Kwamba Sindano ana utulivu wa tisini na tatu, kiwango ambacho hakuna farasi wa Aroni aliyekifikia, na utulivu huo ulikuwepo kabla ya mtu yeyote kuuandika.

Ng'washi alifurahi. Akaandika kwamba baba yake, Masunga, aliletwa Usangu akiwa amebebwa mgongoni, sasa ana wajukuu, na bado kuna watu wanamuuliza ametoka wapi na atarudi lini. Ndiyo maana, alisema, anampenda Sindano.

Mwezi wa tano ulipoanza wakawapandisha. Mimba kwenye mchezo ule inachukua siku thelathini.

Zilipopita wiki tatu hivi Ng'washi aliandika ujumbe mrefu, si wa farasi. Alisema hajamwambia mtu yeyote ila dada yake Eveline. Ana mimba ya miezi mitatu. Aliyempa mimba anaitwa Vitus, dereva wa trekta, mtu mwema, lakini amekwenda kufanya kazi upande wa Songea na yeye bado hajamwambia. Mama yake mzazi hajui. Anaamka asubuhi anakaa kwenye cherehani, anakanyaga, na haoni anachoshona. "Wewe ungekuwa mimi ungefanyaje?" aliuliza. "Niambie kama dada."

Joachim aliweka simu mezani. Akatoka, akaenda kusimama bandani kwa ng'ombe. Alikuwa na miaka sitini na tatu. Binti asiyemjua alikuwa amemfungulia mlango ambao haukuwa wake, na yeye alikuwa ameshaingia. Kwa mara ya kwanza tangu mwezi wa tatu kitu kilipenya ile ganzi, na kilikuwa aibu.

Alijibu kwa kifupi: aende kliniki, amwambie mama yake, asibaki peke yake.

"Leo unaongea kama mtu mzima," Ng'washi aliandika.

Joachim akamwandikia tena kwamba Jumamosi atakuwa Mbeya, waonane. Hakudanganya katika hilo. Ofisi ya Eveline ilikuwa imemwita kusaini karatasi. Ng'washi akasema vizuri sana, Jumamosi na yeye anakwenda sokoni Mwanjelwa kuchukua vitambaa, hatimaye ataona sura ya dada yake. Walikubaliana mgahawa mmoja karibu na soko.

Alimtambua kwa sababu alikuwa mtu pekee aliyetazama mlango. Alikuwa msichana mrefu, amejifunga kitenge juu ya gauni, na miguuni pake palikuwa na kiroba kidogo cha mchele wa Mbarali, zawadi ya mgeni. Joachim alipokwenda kwenye meza yake aliinuka kidogo, akamwamkia shikamoo, akasema samahani baba, hapa pana mtu, namngoja ndugu yangu.

"Marahaba," Joachim alisema. "Mimi ni baba yake Eveline."

Ng'washi alitabasamu, akatazama nyuma yake kuona kama Eveline anakuja.

Joachim aliketi. Alikuwa amepanga maneno njiani kutoka Iringa, yote, na sasa yalibaki machache.

"Eveline alifariki. Tarehe nane mwezi wa tatu."

Ng'washi alimtazama. Midomo yake ilikuwa inahesabu. Mhudumu alikuja na chai mbili ambazo Joachim hakumbuki nani aliagiza.

"Mwezi wa tatu," Ng'washi alisema. "Mimi nimeongea naye juzi."

"Ni mimi."

"Yote?"

"Tangu uliposema amepotea. Yote ni mimi."

Pale mgahawani watu walikula, televisheni ilikuwa inaonyesha mpira wa marudio. Joachim alingoja atukanwe. Alitamani atukanwe.

"Nilikuambia mambo yangu," Ng'washi alisema, polepole. "Mambo ya mwilini mwangu."

"Ndiyo, mwanangu."

"Usiniite hivyo. Kwa nini hukusema?"

"Nilianza kuandika. Neno la kwanza niliandika. La pili lilinishinda."

"Likakushinda wiki saba?"

Ng'washi aliinamisha kichwa, na machozi yakaanza kumtoka bila sauti, yakidondokea kwenye kitenge. Alimlilia Eveline pale pale, mbele ya chai, mtu ambaye hakuwahi kumwona. Joachim alimtazama akilia, na alimwonea wivu. Aliona kwamba amemwibia binti huyu wiki saba za msiba ambazo zilikuwa haki yake, na yeye mwenyewe hakuzitumia.

Alipomaliza, Ng'washi alijifuta uso. Akauliza kama Eveline aliumia sana. Joachim akamweleza kichwa, kivuli cha gari, maji. Akauliza amezikwa wapi. Joachim akamwambia. Kisha alichukua kiroba chake cha mchele, akakiweka kichwani, akaondoka bila kuaga. Joachim hakumlaumu. Alikunywa chai yake ikiwa imepoa, akaenda kusaini karatasi.

Kesho yake jioni, alipofika nyumbani, aliingia kwenye kundi la WhatsApp la wachezaji kupitia simu ya Eveline, akaandika kwamba yeye ni Joachim Kikoti, mzazi wa Eveline, kwamba Eveline amefariki tangu mwezi wa tatu, na anaomba radhi kwa kuchelewa kuwajulisha. Pole zilikuja moja baada ya nyingine. Aroni aliandika kuliko wote. Alisema Eveline alibishana naye kila wiki, na hakuna mtu aliyemfundisha mchezo ule zaidi ya Eveline. Akasema kwa wiki nzima farasi wake hawataingia mashindanoni, kwa heshima yake.

Ng'washi hakuandika chochote. Siku zikapita. Joachim aliendelea kulisha. Mwezi wa tano ukaisha, baridi ya Iringa ikaanza kukaza. Verediana akatoa masweta ya Eveline, akayafua hayo pia.

Ujumbe wa Ng'washi ulikuja siku ya tisa. Haukuwa na salamu. Ilikuwa picha ya mtoto wa farasi wa rangi ya udongo, na alama zake chini. Mbio sitini na nane. Pumzi sabini. Nguvu hamsini na tano. Kuruka sitini na moja. Afya themanini na nne. Utulivu tisini. Nasaba: nyota mbili na nusu.

Joachim alivaa miwani, akatafuta kalamu, akaandika alama za baba na za mama pembeni ya gazeti. Mbio zilikuwa chini sana ya za Gangilonga. Afya ilimzidi baba kwa mbali. Utulivu ulikuwa wa mama karibu wote. Hakuwa farasi wa ajabu, na hakuwa mbaya. Kama kuna aliyesema nasaba ni kila kitu, hapa hakupata ushahidi, na aliyesema si kitu hakupata pia.

Baadaye kidogo ujumbe mwingine ukaingia.

"Mzee, huyu nimtunze au nimwache?"

Alijibu kwa jina lake mwenyewe. Aliandika: Mimi Joachim. Kisha akasema anachofikiri, kama ambavyo angemwambia mfugaji aliyemleta ndama joshoni. Asitegemee mtoto huyu kushinda. Mashindano makubwa hataingia, Aroni alisema kweli. Lakini ana afya, na damu ya Kapteni ndani yake ni nusu ya ile iliyoko kwa baba yake. Akikua, apandishwe na farasi mwenye mbio asiye wa ukoo ule. Mtoto wake ndiye atakayefaa, au mtoto wa mtoto wake. Ni kazi ya muda mrefu, na inaweza isilipe. Mwisho aliandika kwamba kwa yale mengine amekosa, na hategemei asamehewe.

Jibu lilichelewa hadi kesho yake.

"Nitamtunza," Ng'washi aliandika. "Mama nimemwambia. Alinisema sana, halafu akanipikia uji. Vitus anakuja mwezi ujao kwa wazazi. Nimekuambia kwa sababu ulishajua, si kwa kingine."

Joachim akasema ameshukuru. Akauliza kama angependa achukue farasi wote wa Eveline, maana mchezo unaruhusu kuwahamisha, na yeye ni mzee. Ng'washi akakataa. Alisema yeye anamtaka Lugalo tu kwa ajili ya kupandisha, wengine wakae pale walipo. Na akaomba kitu kimoja: yale aliyomwandikia Eveline zamani, Eveline mwenyewe akiwa hai, yasifutwe.

Ombi hilo lilimfanya Joachim afikirie mtu mwingine. Mazungumzo ya miaka miwili yalikuwa ndani ya simu ile, maneno ya mwanawe mwenyewe, na miezi miwili yote alikuwa ameyafungia mfukoni mwa koti. Aliona haya mkewe asije akasoma mpaka mwisho na kukuta yale aliyoyaandika yeye.

Alimkuta Verediana chumbani kwa Eveline, pasi ikiwa imewaka. Akachomoa waya ukutani.

"Mama Eveline," alisema, "kaa nikuambie."

Akamweleza yote, kuanzia lile neno alilolifuta. Hakujipunguzia. Verediana alisikiliza akiwa na sweta mapajani. Joachim alipofika kwenye habari ya mimba, mkewe alisema, "Yesu wangu, wewe mwanaume." Joachim akamwomba Ng'washi kwanza ruhusa ya mkewe kusoma, kwa maandishi, na Ng'washi akajibu kwamba mama asome tu, yeye hana cha kuficha tena. Ndipo Joachim akampa mkewe simu, akamwonyesha mahali pa kuanzia na mahali ambapo si Eveline tena.

Verediana alisoma tangu baada ya chakula cha mchana. Joachim alikwenda kukata majani, akarudi, bado anasoma. Alikamua, akachuja maziwa, bado. Mara moja alimsikia akicheka, kicheko kifupi cha puani, na mara nyingi alimsikia akilia. Yeye alikaa barazani na ndoo yake. Alijaribu kulia na yeye, kwa kuwa mkewe alikuwa amefungua njia, lakini haikuja. Labda ingekuja siku nyingine. Labda hiyo ndiyo namna yake. Hakuona sababu ya kuilazimisha.

Giza lilipoanza kuingia Verediana alitoka na simu mkononi, macho yamevimba, akaketi kwenye benchi karibu yake, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu msiba. Akasema Eveline ameandika kwamba supu ya mama yake haina chumvi, na kwamba hajawahi kumwambia. Kisha akataka kuwaona hao farasi.

Joachim akafungua zizi. Siku ile, kwa maongezi yao, saa tano ilikuwa imepita hawajalishwa. Akamwonyesha mmoja mmoja, huyu ni fulani, mama yake ni fulani. Verediana aliwatazama kwa makini, kama mtu anayetambulishwa kwa wakwe. Alipofika karibu na mwisho akasimamisha kidole kwenye jike mmoja mwekundu, mnene kidogo, ambaye jina lake lilikuwa Tosamaganga, misheni alikozaliwa Verediana.

"Huyu anashindaje?"

"Hajawahi kushinda."

"Ana watoto?"

Joachim akatoka kwenye nasaba, akabonyeza sehemu ya uzao. Walikuwa saba.

"Basi leo aanze yeye kula," Verediana alisema. "Nionyeshe ndoo iko wapi."